Namba Niliyoiandika Bila Kuisikia

Siku mliponiaga ofisini mlinipa saa ya ukutani na vitenge viwili, mkanipigia makofi, kisha yule binti mpya wa mapokezi akaniuliza mbele ya keki, "Kwani Mama Limi, wewe hasa ulikuwa unafanya kazi gani?" Kila mtu akacheka, nami nikacheka, lakini nilipofika nyumbani swali lile likaanza kunikera. Wakwe zangu mpaka leo wanaamini kwamba nilikuwa natoa vitambulisho vya taifa, na nimewahi kuletewa picha ndogo za ukoo mzima ndani ya bahasha. Basi naandika hapa kwa ajili yenu mliobaki na lile daftari, kabla sijaanza kusahau au kujisifu, maana vyote viwili huja na kustaafu.

Kazi yenyewe ni hii. Kituo cha redio cha FM hakirushi sauti peke yake. Chini ya muziki na chini ya mtangazaji kuna mawimbi mengine membamba yanayobeba maandishi: jina la kituo linalotokea kwenye kioo cha redio ya gari, tangazo fupi, saa, tahadhari. Sikio haliyasikii, mashine inayasoma. Na mashine haijui kubahatisha. Ili ijue maandishi haya ni ya nani na ni ya huduma gani, kila kituo na kila huduma lazima iwe na namba yake ya utambulisho, herufi na tarakimu nne tu. Sisi ndio tuliotoa namba hizo kwa Shinyanga, Kahama, Geita mpaka Bukombe, na sisi ndio tuliohakikisha kwamba wawili hawabebi moja. Ni kazi ndogo, na ukiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba ipo.

Niliipokea kutoka kwa Mzee Kanji. Alizaliwa hapahapa Shinyanga mjini, chumba cha nyuma cha duka la baba yake lililouza redio, betri na sindano za cherehani. Babu yake ndiye aliyetoka Bara Hindi, yeye mwenyewe hakuwahi kwenda hata kwa likizo, na Kisukuma chake kilikuwa safi kuliko changu mimi niliyesomea bweni. Siku yangu ya kwanza alinikuta mlangoni saa moja na nusu asubuhi, akanitazama viatu.

"Mwangaluka," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hivyo viatu ni vya benki. Kesho uje na vya kupandia kilima."

Kisha akaniweka mbele ya chombo chetu cha kusomea. Ilikuwa redio iliyong'olewa kwenye gari bovu, ikapachikwa ndani ya sanduku la mbao pamoja na betri ya pikipiki na kioo kidogo cha kijani. Tuliliita Bibi, kwa sababu lilichukua muda kabla ya kujibu na likijibu lilikuwa sahihi. Akaliwasha, akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia nasikia muziki.

"Huo si wetu," akasema. "Huo una wenyewe. Wetu ni ule usiosikika."

Kwa wiki mbili za kwanza sikuandika chochote. Nilibeba Bibi, yeye alibeba chai kwenye chupa, tukapanda vilima na kusoma namba za vituo vilivyokuwapo. Mwongozo wake ulikuwa mmoja, na nyote mmeusikia kutoka kwangu mpaka mkachoka. Mtu akiomba namba, unaiandika daftarini kwa penseli. Unasubiri afunge mitambo yake. Kisha unakwenda kwa miguu yako au kwa gari la serikali, unawasha chombo, na ukiiona namba ileile kwenye kioo, hapo ndipo unaiandika kwa wino. Fomu inasema mtu anachotaka, alipenda kusema, hewa inasema alichofanya, na daftari ni la hewa. Nilimwona mtu asiyeamini watu. Baadaye nilikuja kuona kwamba alikuwa amewajua mafundi.

Mafundi wa redio ni watu wema wenye haraka. Nitawapa mfano. Mchungaji mmoja wa Kahama alikuja ofisini kwetu amevaa suti kamili katika joto la Oktoba, akakaa, akajifuta jasho, akasema ana kesi nzito. Kituo chao kilirusha mahubiri kila asubuhi. Waumini wake waliokuwa wakisafiri kwa basi kuelekea Runzewe waliyasikiliza vizuri mpaka nusu ya njia, halafu redio ya basi, bila kuguswa na mtu, ikahamia kwenye singeli.

"Nimesema tubuni," akaniambia, "wao wamesikia ngoma. Na wengine, nasikia, wamecheza."

Mzee Kanji hakucheka. Alichukua Bibi, tukapanda basi hilohilo, na baada ya saa moja na nusu tukapata jibu. Mitambo hutoka kiwandani ikiwa na namba moja ya kuanzia, na fundi anatakiwa aifute na kuweka yake. Fundi wa Kahama hakuifuta. Wa singeli naye hakuifuta. Redio ya gari ikiona mawimbi yanafifia hutafuta kwingine yenye namba ileile, ikiamini ni kituo kilekile kinachosikika vizuri zaidi. Ilikuwa inamtafutia dereva mahubiri kwa nia njema kabisa. Tuliwaita mafundi wote wawili, kazi ikaisha siku hiyo, tukampigia mchungaji simu.

"Kwa hiyo hakuwa shetani?"

"Ni fundi," Mzee Kanji akamjibu.

"Basi nitamwombea fundi," mchungaji akasema, na nadhani alimwombea kweli, maana yule fundi hakurudia.

Kesi za namna hiyo zilikuwa nyingi na nilizipenda. Mzee Kanji alipostaafu nikabaki na daftari na Bibi, na baadaye kompyuta ilipokuja nikabaki na vyote vitatu. Nilikuwa nimeiva. Nasema bila aibu, katika kanda ile hakuna aliyejua hewa yake kama mimi. Ningeweza kusimama juu ya kilima nje ya Geita na kukwambia kituo gani kimebadilisha antena bila kutuarifu. Mafundi waliniogopa kidogo, na sikuona ubaya wake.

Zilipoanza kuja huduma za maandishi, kazi ikapata ladha mpya. Kabla ya hapo tulisajili vituo tu. Sasa kituo kimoja kiliweza kubeba huduma tatu au nne juu ya mawimbi yake, kila moja na namba yake, na kila moja ikiwa na vipokezi vyake vinavyosikiliza namba hiyo tu na kupuuza nyingine zote. Tuliacha pia namba moja wazi, namba ya majaribio. Hiyo ilikuwa ya mafundi wote. Fundi anayejaribu mtambo anaitumia bila kuomba ruhusa kwa mtu, sharti aiondoe akimaliza. Ni kama koleo la jirani, unaliazima na kulirudisha, na kwa miaka mingi hakuna aliyelipoteza.

Hapo ndipo anapoingia Mama Kulwa.

Alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa wachimbaji wadogo, upande wa kilima nje ya Runzewe. Mwanamke mfupi, sauti ya chini, kitenge kimefungwa kwa nguvu. Mumewe alikuwa amefukiwa ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, siku jirani alipolipua mwamba kwa baruti bila kumwambia mtu. Maduara yale yanashikiliwa na matimba, magogo yanayopachikwa ukutani, na baruti ikilia karibu ardhi inatikisika na matimba yanaweza kuachia. Wanawe mapacha, Kulwa na Doto, watu wazima wenye ndevu, walikuwa wanachimba kilima kilekile. Nilimuuliza kwa nini hakuwakataza.

"Mayu, nikiwakataza watakwenda kuchimba kwa watu nisiowajua," akanijibu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Hapa angalau najua shimo lenyewe."

Alichotaka kilikuwa kitu cha maana kuliko vyote nilivyowahi kusajili. Kule bondeni simu hazishiki, lakini redio ya Runzewe, nitaiita Redio Igembe, inashika vizuri. Ushirika ulikuwa umepata visanduku kama arobaini, kila kimoja na king'ora chake. Kisanduku kimoja kingefungwa kwenye mdomo wa kila duara. Mlipuaji wa ushirika akiwa tayari angebonyeza kitufe kilichounganishwa na kituo, Redio Igembe ingetuma tahadhari kwa namba yake, ving'ora vingelia, watu wangepanda juu, na nusu saa baadaye ndipo baruti ingelipuliwa. Nikatoa namba siku hiyohiyo. Nikaiandika kwa penseli.

Fundi wa Redio Igembe aliitwa Shija, kijana hodari niliyemfundisha mwenyewe. Alifunga mitambo mwezi wa mvua. Barabara ya kutoka Kahama ilikuwa mbaya, gari la ofisi lilikuwa gereji, na viongozi walikuwa wameshapanga siku ya uzinduzi na kushona sare. Shija akanipigia simu.

"Shikamoo Mama Limi. Huku tayari. Ving'ora vinalia vyote, watu wanapanda, mambo safi."

"Marahaba. Umeweka namba niliyokupa?"

"Nimeweka mama."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Shija ni mwanafunzi wangu, nikajiambia, na mimi si wa kudanganywa na fundi niliyemlea. Nikaandika kwa wino. Ni mara moja tu katika miaka yote ile niliyoandika kwa wino kitu ambacho sikukisoma hewani, na nilikiandika kwa mwandiko mzuri sana.

Kumbe Shija alikuwa amejaribu mitambo na visanduku vyote kwa namba ya majaribio, kama desturi. Vikalia. Kabla hajabadilisha, jenereta la kituo likazima, akakimbilia huko siku mbili, na aliporudi alikuta kila kitu kinafanya kazi. Aliponiambia ameweka namba yangu aliamini ameiweka. Huduma ikazinduliwa, hotuba zikatolewa, na kwa miezi mingi ving'ora vikalia pale tu vilipotakiwa kulia, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa akijaribu kitu chochote kwenye mawimbi ya Redio Igembe. Kosa lilikaa kimya likisubiri mwenzake.

Mwenzake alikuja kwa njia halali kabisa. Wafugaji walitaka taarifa za minada ya ng'ombe zitumwe kupitia Redio Igembe, mnada uko wapi na ng'ombe wangapi wamefika. Fundi aliyekuja kufunga huduma hiyo alitoka Kahama, mtu makini. Alinipigia simu kuuliza kama namba ya majaribio iko huru pale Runzewe. Nikafungua daftari, nikaona huduma ya baruti ina namba yake kwa wino, nikamwambia iko huru. Akaanza kujaribu. Kila alipotuma taarifa ya mnada, ving'ora arobaini vikalia kilimani.

Mama Kulwa alinipigia siku ya pili.

"Mayu, visanduku vinalia ovyo. Jana mara nne. Watu wanapanda, wanakaa juani, hakuna baruti."

Nikafungua daftari tena. Nikamwambia haiwezekani, huduma yenu ina namba yake peke yake, nimeisajili mwenyewe, labda betri zimepata maji.

"Mimi sijui daftari," akasema. "Mimi nasikia."

Nikamwambia atafute fundi akague betri. Nilisema hivyo kwa sauti ya ofisini, mnaijua. Naandika neno hili nikiwa nimeona haya, na mnaweza kulisoma mara mbili. Yule mama hakuwa na chombo wala daftari, lakini yeye ndiye aliyekuwa anaisoma hewa, na mimi nilikuwa nasoma mwandiko wangu.

Siku mbili zikapita. Akapiga tena, na safari hii hakulalamika. Akaniambia wachimbaji wamegundua kwamba ving'ora vinalia kila redio inapotangaza minada, kwa hiyo king'ora kikilia wanasema ng'ombe wamefika, wanaendelea kuchimba. Jana hakupanda mtu hata mmoja. Na kesho mchana ushirika unalipua.

"Wanangu nao wanasema ng'ombe wamefika," akaongeza.

Niliondoka Shinyanga alfajiri. Dereva alikuwa mtu wa kunyamaza, nikamshukuru Mungu. Saa nne asubuhi tulikuwa Runzewe, nje ya Redio Igembe, na sikuingia ndani kwanza. Niliweka Bibi juu ya boneti ya gari nikasubiri. Fundi wa Kahama alikuwa ndani akituma taarifa zake. Kioo cha kijani kikaonyesha namba ya majaribio, na kioo cha kijani kikaonyesha ng'ombe. Nikamwambia Shija, aliyekuwa ametoka nje kunilaki, arudi atume tahadhari ya kujaribu, ya baruti. Kioo kikaonyesha namba ya majaribio tena. Namba yangu nzuri ya wino haikuwapo hewani, haikuwahi kuwapo. Nikakaa chini kwenye ngazi za kituo mbele ya watu.

Shija alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama, ni mimi. Niliisahau."

"Wewe ulisahau," nikamwambia. "Mimi sikusahau. Mimi sikuja."

Fundi wa Kahama alizima huduma yake papo hapo. Lakini hilo halikutosha. Kubadilisha namba kulitaka kufungua visanduku arobaini kimoja kimoja kwa bisibisi, kazi ya siku mbili. King'ora cha mchana kingelia kama kawaida, na watu wasingepanda kama kawaida. Tukaenda kilimani.

Mlipuaji alikuwa mzee mkavu kutoka Tabora, na mashimo yake yalikuwa yameshajazwa baruti tangu asubuhi. Mama Kulwa alisimama naye. Nikawaeleza wote wawili kwa maneno machache, nikaomba asogeze mpaka kesho. Mlipuaji akanionyesha upande wa ziwa, ambako wingu jeusi lilikuwa limeanza kusimama.

"Radi haisogezi, mama," akasema. "Wingu likifika juu yetu na baruti iko ndani, litalipua lenyewe, na halitapiga king'ora. Nawapa saa moja. Watoeni watu."

Wakati wa zamani, kabla ya visanduku, walikuwa na watu wa kuzunguka duara kwa duara kuwaita wenzao. Visanduku vilipokuja desturi hiyo ikaachwa, na hilo nalo lilikuwa limeletwa na mimi. Basi tukazunguka. Mama Kulwa upande mmoja na Shija, mimi upande mwingine na dereva. Unapiga magoti kwenye mdomo wa shimo, unaita chini gizani, unaona tochi ndogo ikigeuka. Wengi walipanda waliposikia sauti ya mtu wanayemjua. Mimi hawakunijua. Kwenye duara la tatu nikaacha kusema ni amri ya ofisi, nikaanza kusema ukweli, kwamba mimi ndiye niliyekosea namba, kwamba ng'ombe walikuwa kosa langu, na hii ya leo ni baruti. Walipanda kunitazama, nafikiri. Sikujali wamepanda kwa nini.

Duara la mwisho lilikuwa la mapacha. Kulwa alishapanda. Doto alikuwa chini na wenzake wawili, wamefika kwenye mwamba mzuri baada ya wiki tatu za kuchimba udongo mtupu. Mama Kulwa alikuwa amepiga magoti tayari, na wingu lilikuwa limeficha jua.

"Doto, panda."

"Mama, ng'ombe hao," ikaja sauti kutoka chini, bila dharau, kama mtu anayemtuliza mzazi.

Mama Kulwa akanitazama. Nikalala kifudifudi kwenye udongo na sketi yangu ya safari, nikaingiza kichwa ndani ya shimo.

"Doto, mimi ndiye niliyeandika ile namba. Sikuja kuisoma. Mama yako aliniambia na nikambishia. Nimemkosea yeye na nimekukosea wewe. Nakuomba upande."

Halafu nikasikia miguu yake kwenye matimba.

Mlipuaji alilipua, wingu likiwa bado ng'ambo ya barabara. Tulikuwa tumekaa nyuma ya mawe, watu wote wa kilima, na baada ya mshindo mkubwa ukaja mwingine mdogo, wa chini kwa chini. Vumbi likatoka kwenye mdomo wa duara la mapacha na halikukoma haraka. Matimba ya upande mmoja yalikuwa yameachia. Doto alitazama vumbi lile, akavua kofia yake ngumu, akaishika mapajani. Mama Kulwa alilia waziwazi, na mimi nikalia pamoja naye, na mvua ikaja ikatulowesha wote.

Mngedhani mambo yaliisha hapo. Asubuhi iliyofuata wachimbaji walikaa kikao, na hoja ilikuwa moja, ving'olewe visanduku vyote vitupwe. Nilijitetea kwamba Shija ameshaanza kubadilisha namba, kwamba safari hii nitasoma hewa mimi mwenyewe. Mzee mmoja akauliza nilisemaje safari ya kwanza. Mama Kulwa alikaa amejiinamia. Aliomba visanduku vile kwa miaka, na bila visanduku wanawe wangerudi kuchimba wakibahatisha, kama baba yao.

Doto ndiye aliyesimama. Akakumbusha desturi yao, ambayo sikuwa nikiijua. Mtu anayepachika matimba mapya ndiye wa kwanza kukaa chini yake, siku nzima, kabla mwingine hajashuka. Ndiyo maana hakuna anayepachika vibaya.

"Aliyeandika namba ashuke," akasema. "King'ora kikilia akiwa chini, akipanda, na sisi tutapanda."

Zogo likaanza. Wengine wakasema mwanamke hashuki duarani, dhahabu inakimbia. Mama Kulwa akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Dhahabu ikikimbia mtaikuta kesho," akasema. "Atashuka."

Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilikuwa na miaka hamsini na saba na goti moja bovu. Siku mbili nilizunguka na Shija kisanduku kwa kisanduku, nikilinganisha namba ya kila kimoja na ile niliyoisoma hewani kwa Bibi, na nilipomaliza cha mwisho niliandika mstari mpya kwenye daftari. Ule wa zamani niliukata kwa mstari mmoja ili uendelee kusomeka, nikaandika pembeni kwamba uliandikwa bila kusikika hewani, nikaweka sahihi. Mkuu wangu alishauri nibadilishe ukurasa wote. Nilimwambia ukurasa ule utabaki, na mkienda kuutazama upo.

Kisha nikashuka. Nilivaa suruali ya Kulwa na kofia ngumu iliyonipwaya, nikashika kamba, nikakanyaga matimba moja baada ya jingine, Doto akiniongoza mguu kwa mguu kutoka chini. Ni duara jipya, si refu sana, lakini nilipotazama juu mbingu ilikuwa na ukubwa wa sinia. Chini kulikuwa na joto na harufu ya jasho na mawe. Walikuwapo wanne. Hawakuchimba. Walikaa wakanitazama, nami nikakaa juu ya mfuko wa mawe, nikaogopa. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba hakitalia. Sikuwa nimeogopa hivyo tangu nilipokuwa leba namzaa Limi.

Tulikaa muda mrefu. Redio Igembe ilituma taarifa ya mnada kwa makusudi, kwa namba yake mpya, na juu yetu hakukuwa na sauti yoyote. Doto alijua imetumwa, walikuwa wamepanga na nduguye amwashirie kwa kutingisha kamba. Kamba ilitingishika, king'ora hakikulia. Doto akatikisa kichwa taratibu.

Halafu kikalia.

Hakuna aliyenyanyuka. Wote wanne waligeuza tochi zao usoni kwangu, wakasubiri nitafanya nini. Sikutazama saa, sikuuliza mtu. Nikashika kamba, nikatia mguu kwenye timba la kwanza, goti likalia, nikapanda. Nilipofika katikati nikasikia chini yangu viatu vyao navyo vinakanyaga.

Juu, kwenye kila duara, watu walikuwa wanatoka ardhini. Mama Kulwa alisimama kwenye kichuguu, akaanza kuita majina ya wote waliokuwa kilimani siku ile, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa akaitika. Alimwita Kulwa. Alimwita Doto. Alipofika mwisho akanitafuta kwa macho kati ya wale watu wenye udongo usoni.

"Milembe," akaita, jina langu la kuzaliwa, ambalo sikujua kama analijua.

"Nipo," nikasema.